Mkaguzi wa Kaunti Mwenye Kazi ya Pembeni: Hatua za Kuepuka Mgongano wa Maslahi

Mwongozo huu ni wa wakaguzi wa Kaunti ya Nairobi: anayekagua majengo, afisa wa afya ya umma anayezunguka kwenye hoteli na mabucha, anayekagua vifaa vya moto, na yeyote mwingine ambaye sahihi yake ndiyo inayomruhusu mwananchi kufungua biashara au kuhamia nyumba mpya. Wengi wao wana kazi ya pili. Kuna anayechora ramani za nyumba jioni, kuna mwenye kampuni ya kupuliza dawa ya mende, kuna ambaye mkewe ana maabara. Sina ugomvi na kazi ya pili. Karo ni karo, mwenye nyumba haongezi siku, na mshahara wa kaunti ukichelewa mwenye watoto watatu anajua anavyolala. Ugomvi wangu uko pale kazi hizo mbili zinapokutana kwa mteja mmoja.

Ukitaja mgongano wa maslahi, wengi husikia hongo. Hongo ni kitu anachopewa mtu ili apindishe jambo. Mgongano upo hata kama hakuna aliyekula shilingi. Unaanza siku ile mkaguzi anapopata sababu yake mwenyewe ya kutaka jibu liwe hivi na lisiwe vile. Anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote ofisini na bado akawa ndani yake. Kwa hiyo utetezi wa "mimi sikuchukua kitu", ambao ndio wa kwanza kutolewa, haujibu swali lililoulizwa.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Lilikuwa karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kuwekwa kwenye orodha ya kubomolewa. Naitaja Huruma kwa sababu inaonyesha umbali uliopo kati ya karatasi na zege. Mpangaji anayepanda ngazi na godoro kichwani hana namna ya kujua kuna nondo ngapi ndani ya nguzo. Anategemea jicho la mtu mmoja aliyetumwa kutazama kwa niaba yake. Jicho hilo likishakuwa na mteja, mpangaji hana mtu tena.

Sheria nitaitaja kwa ufupi, kwa kuwa wakaguzi wengi wameisomewa semina hadi wakasinzia. Kifungu cha 75 cha Katiba kinamtaka afisa aepuke kila mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012, katika kifungu cha 52, iliyavuta masharti ya Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uongozi na maadili, yawaguse watumishi wote wa umma, kwa hiyo "mimi si waziri wala gavana" si hoja. Kisha ikaja Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa sahihi tarehe 30 Julai 2025, ikachukua nafasi ya ile ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003. Msimamizi wake ni Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Jambo la kushika ni kwamba sheria hiyo haiutazami mgongano uliokwisha kutokea tu. Inautazama pia ule ambao mtu wa nje akiuona atautilia shaka, na ule ambao bado haujatokea lakini njia yake iko wazi.

Hatua ya 1: Andika kila kinachokuingizia pesa, na kila jamaa yako aliye kwenye sekta unayokagua

Chukua karatasi, usitegemee kichwa. Andika kazi zako za nje, kampuni uliyosajili hata kama haijapata kandarasi, hisa, ploti unayojenga mwenyewe, nyumba unazokodisha. Halafu andika ya mwenzi wako, ndugu zako, wakwe na watoto wakubwa, lakini yale tu yanayogusa kazi yako ya ukaguzi. Shemeji anayeuza mitumba Gikomba hana neno ikiwa wewe unakagua majengo. Shemeji mwenye hadwea na mashine za kukodisha kwenye mijengo ana neno.

Usisahau chama. Nairobi hii maafisa wengi wako kwenye vyama vya uwekezaji pamoja na wenzao wa ofisini, na chama kikishiba hununua ploti, na ploti hujengwa. Siku flati za chama zinapohitaji kukaguliwa, idara nzima ina hisa. Nimeona watu makini kabisa wakiliruka jambo hili kwa kuwa jina lililo kwenye hati ya ploti ni la chama, si lao.

Tamko la mali ambalo mtumishi wa umma hujaza tayari linamtaka aandike ya mwenzi wake wa ndoa na ya watoto wa chini ya miaka 18 wanaomtegemea. Kwa hiyo ile kauli ya "hiyo biashara ni ya mke wangu" haijawahi kuwa ukuta wa kujificha.

Hatua ya 2: Pima kila mstari wa karatasi hiyo kwa maswali mawili

La kwanza: je, mteja huyu angekuja kwangu kama nisingekuwa mkaguzi? La pili: je, kazi nitakayomfanyia itarudi mezani kwangu, au mezani kwa mtu ninayekula naye chakula cha mchana?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapojidanganya.

Chukua afisa wa majengo anayechora ramani. Mwenye ploti wa mtaa wa Pipeline anataka ghorofa sita. Afisa anamchorea kwa bei nafuu kuliko ya msanifu, na kwa kuwa hana usajili wa usanifu, au anao lakini hataki jina lake lionekane, anatafuta msanifu aliyesajiliwa amkodishe muhuri. Ramani inaingia kwenye mfumo wa kaunti ikiwa na jina la mtu ambaye hajawahi kuikanyaga ploti. Inapitishwa. Miezi kadhaa baadaye afisa yule yule anasimama kwenye ploti asubuhi ya kumwaga slabu. Mashine ya kukoroga zege imekodiwa na inanguruma, kokoto imeshushwa, vijana wa mjengo wamejipanga na karai, mwenye ploti yuko pembeni na simu sikioni akitafuta saruji ya nyongeza. Afisa anainama kwenye nguzo ya kona na kuona ringi, vile vyuma vinavyozunguka nondo na kuzishika pamoja, zimeachana kuliko zilivyochorwa. Anajua anachopaswa kufanya: asimamishe kazi. Lakini mwenye ploti bado hajammalizia pesa ya ramani. Akisimamisha kazi leo, baki yake haitalipwa, na mwenye ploti akikasirika atasema mbele ya watu wote ni nani aliyechora. Hapo hakuna anayehitaji kumhonga ili anyamaze. Deni analodai ndilo linalomnyamazisha. Zege inamwagwa, na kuanzia dakika hiyo ringi zile hazitaonekana tena.

Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Na si lazima mtu awe na nia mbaya. Aliyechora ana shida nyingine: hawezi kuyaona makosa yake mwenyewe. Kama alipiga hesabu vibaya usiku akichora, atapiga vile vile mchana akikagua. Ukaguzi uliwekwa ili awepo mtu wa pili. Akiwa yule yule, mtu wa pili hayupo, hata kama fomu ina sahihi mbili.

Afisa wa afya naye ana mtego wake. Kwenye hoteli ndogo za Kawangware au Kariobangi anaitwa "daktari", na neno lake ni amri. Anaingia jikoni, anafungua kabati la unga, mende wanatawanyika. Ana haki ya kuamuru dawa ipulizwe, na pengine ana wajibu huo. Tatizo linaanza pale anapoacha na kadi ya kampuni ya kupuliza dawa ambayo ni yake, au ya kaka yake. Mama mwenye hoteli haioni kadi ile kama tangazo la biashara. Anaiona kama sharti. Hata afisa akiongeza "lakini unaweza kwenda popote", mama anasikia nusu ya kwanza tu, kwa sababu anajua ni nani atakayerudi mwezi ujao. Tena mende wakirudi baada ya wiki mbili, atamlalamikia nani? Aliyepuliza ndiye anayekagua.

Maabara ni vivyo hivyo. Wanaoshika chakula wanatakiwa kupimwa kila miezi 6, na hoteli yenye wapishi na wahudumu wanane ni vipimo vinane mara mbili kwa mwaka. Maabara ya mke wa afisa ikiwa ndiyo "inayojulikana" katika wadi hiyo, hapo hakuna soko huru. Baya zaidi, siku maabara nyingine italeta vyeti vinavyoonekana vya kughushi, afisa akivikataa ataonekana anapigania duka la nyumbani, hata kama ni vya kughushi kweli. Mgongano humharibia mkaguzi hata maamuzi yake mazuri. Hilo wengi hawalioni mpaka yawakute.

Mitungi ya kuzimia moto sihitaji kuieleza sana. Anayeidhinisha vifaa vya moto asiviuze, asivihudumie, asimpeleke mtu kwa anayeviuza. Tangu 2023 kaunti iliposhikanisha leseni ya biashara, cheti cha moto na vyeti vya afya katika kibali kimoja, mkaguzi mmoja anayekwamisha sehemu yake anaweza kukwamisha kibali kizima, na nguvu hiyo ni kubwa mno kuiweka kando ya duka.

Baada ya maswali hayo, karatasi yako itagawanyika yenyewe. Kuna kazi za kuacha kabisa: zile zote ambazo mteja wako ni mtu unayemkagua, au bidhaa yako ni kitu unachokiidhinisha. Usizitafutie ujanja. Kuna zisizo na neno: kuku wa Kitengela, kufundisha chuoni jioni, matatu, mahindi ya nyumbani, mradi hazili saa za ofisi. Halafu kuna za katikati, na ngumu kuliko zote ni kuchora au kusimamia mijengo nje ya Nairobi. Kwa mujibu wa ramani ya kaunti, Ruiru iko Kiambu na Syokimau iko Machakos, kwa hiyo afisa wa Nairobi anaona yuko salama. Huenda. Lakini angalia usiingie kwenye ule mpango wa "nipitishie yangu Ruiru, nikupitishie yako Kasarani". Hapo mgongano umevuka mpaka wa kaunti na umeongeza mtu wa pili. Kazi za katikati hazifanywi bila hatua ya 3.

Hatua ya 3: Tangaza kwa maandishi, kabla ya kuanza kazi

Kabla. Tamko linalotolewa baada ya malalamiko kufika ofisini linasomwa kama utetezi. Na kumwambia bosi kwenye korido, "Mkubwa, unajua mimi huwa nafanya vitu vidogo vidogo wikendi," si kutangaza. Bosi atahamishwa, au ataulizwa na atasema hakumbuki.

Barua yenyewe iwe fupi. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili bila wasiwasi. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hii hapa namna moja:

"Kwa Mkuu wa Idara. Nakala: Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti.

Kuhusu: Tamko la maslahi binafsi.

Mimi ni mkaguzi wa majengo katika kaunti ndogo ya ………. Natangaza kwamba (1) nina kampuni iitwayo ………, ambayo huchora ramani za nyumba za makazi nje ya Kaunti ya Nairobi. (2) ndugu yangu ni mshirika katika kampuni ya ujenzi iitwayo ………, ambayo kwa sasa ina kazi katika ploti nambari ………, iliyo ndani ya eneo ninalokagua.

Kuhusu (1), naomba ruhusa ya maandishi ya kuendelea, kwa masharti mtakayoona yanafaa. Kuhusu (2), naomba faili ya ploti hiyo ikabidhiwe mkaguzi mwingine asiye chini yangu, na mimi nisihusishwe katika hatua yoyote hadi jengo litakapopewa cheti cha kukaliwa.

Nitatoa tamko jipya hali ikibadilika.

Jina, nambari ya kazi, sahihi, tarehe."

Zingatia mambo mawili katika barua hiyo. Imetaja ploti na jina la kampuni. Tamko la jumla kama "nina jamaa katika sekta ya ujenzi" halimsaidii mtu kuamua lolote. Na imesema "asiye chini yangu". Nitarudi kwa hilo.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ukae nayo. Usipojibiwa, andika tena. Kimya cha mkubwa si ruhusa. Ukianza kazi kwa msingi wa kimya chake, umeanza bila ruhusa.

Hatua ya 4: Jitoe, na kujitoa kuwe kamili

Mtu anaweza kutangaza vizuri sana kisha akajitoa nusu. Sahihi inawekwa na mwenzake, lakini ni yeye aliyemwambia mwenzake aende lini, atazame nini, na mwenye ploti ni nani. Kwa macho ya fomu amejitoa. Kwa macho ya mwenzake, bosi ametuma ujumbe.

Kujitoa kamili kuna sura hii. Faili inaondoka mezani kwako kwa maandishi, ikitaja inaenda kwa nani. Jina lako linaondolewa kwenye ombi hilo katika mfumo wa mtandaoni, usiwe na njia ya kulifungua wala kuandika maoni. Unatoka kwenye kundi la WhatsApp la mradi huo, na watu wa Nairobi mnajua kila mjengo una kundi lake. Hukanyagi kwenye ploti ukiwa na sare wala ukiwa kwenye gari la kaunti. Hupigi simu kuuliza "ile kitu imefika wapi". Mwenzako akikuuliza chochote kuhusu faili hiyo, unamjibu sentensi moja: "Hiyo nilijitoa, muulize mkuu."

Na mrithi wa faili asiwe mtu unayemwandikia ripoti ya utendakazi. Kijana aliyeajiriwa mwaka jana, ambaye wewe ndiye unayeidhinisha likizo yake, hawezi kuandika kwamba nondo za kampuni ya ndugu yako ni pungufu. Anaweza kuziona, akazipima kwa utepe, akazipiga picha kwa simu, halafu akaifuta picha akiwa kwenye matatu kabla hajafika ofisini. Ukimpa faili hiyo umemtwika mgongano wako, na yeye hana mtu wa chini wa kumtwika.

Ikiwa katika kaunti yako ndogo hakuna mwingine wa ngazi yako, faili iende kaunti ndogo ya jirani. Nairobi ina kaunti ndogo 17. Kukosa mtu si sababu.

Hatua ya 5: Tenganisha vyombo

Hii ni fupi. Laini moja ya simu kwa kaunti, nyingine kwa biashara. Till ya biashara isiwe kwenye laini ambayo wafanyabiashara wa eneo lako wanaijua. Kompyuta, printa, gari na mafuta ya kaunti visifanye kazi ya pembeni hata mara moja. Kadi yako ya biashara isitaje cheo chako cha kaunti. Na taarifa za ofisini, kama vile nani ameomba kubadilisha matumizi ya ploti au nani ramani yake imerudishwa, hazitoki kwenda kutafuta wateja. Mtu aliyerudishiwa ramani asubuhi, kisha jioni akapigiwa simu na "kampuni inayoweza kukusaidia", anajua vizuri simu hiyo imetoka wapi.

Hatua ya 6: Jifunze maneno ya kukataa

Mara nyingi mtego haumtegi mkaguzi anayetafuta. Unamtega anayeombwa. Mzee mwenye ploti, mtu wa heshima, anamwambia: "Kijana wangu, wewe unaijua hii kazi. Kwa nini nitafute mtu mwingine? Nichoree, nitakulipa vizuri." Hakuna hongo hapo. Kuna imani, na kuikataa imani ya mzee ni kazi nzito kuliko kumkatalia tapeli.

Jibu liwe tayari mdomoni, lisitungwe papo hapo: "Mzee, nashukuru kwa kuniamini. Lakini mimi ndiye nitakayekuja kukukagulia. Nikikuchorea, hutakuwa na mkaguzi. Tafuta msanifu aliyesajiliwa, mwombe akuonyeshe cheti chake cha mwaka huu." Akiuliza ni nani, usimtajie jina moja. Mwambie orodha ya waliosajiliwa iko kwa bodi ya wasanifu, ya mainjinia kwa bodi yao, na ya wakandarasi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Kutaja jina moja ni kupeleka mteja, hata usipopewa kitu.

Kwa mama wa hoteli: "Mama, sheria inataka mende waishe. Haijasema ni nani aje kuwapulizia. Tafuta kampuni yenye leseni, nikirudi nionyeshe risiti na jina la dawa iliyotumika." Kisha ukirudi, pokea risiti ya kampuni yoyote yenye leseni kwa uso ule ule.

Hatua ya 7: Kama umekwisha kuingia

Wapo watakaosoma hadi hapa wakiwa na mjengo mmoja au miwili ambayo tayari iko kwenye hali niliyoieleza. Msisubiri iishe yenyewe.

Kwanza, acha kutia sahihi chochote kuhusu mradi huo kuanzia leo. Pili, andika tamko la hatua ya 3 likieleza kilichokwisha kufanyika, na hatua zipi ulizikagua wewe. Tatu, na hii ndiyo inayouma, pendekeza hatua hizo zikaguliwe upya na mtu mwingine. Zege iliyokwisha kumwagwa bado inaweza kupimwa: kuna matokeo ya vipande vya majaribio vinavyovunjwa baada ya siku 7 na siku 28, kama vilichukuliwa, na kuna vifaa vya kupima nguvu ya zege na kutafuta nondo bila kubomoa. Gharama itakuwepo, aibu pia. Lakini kuna watu watakaolala chini ya slabu hiyo, na wao hawakuulizwa.

Usirudishe pesa kimyakimya ukidhani umemaliza. Kurudisha bila maandishi kunaacha mgongano ulipokuwa na kunafanana na kuficha. Na kama pesa ile haikuwa malipo ya kazi bali ilikuwa ya kukufumba macho, hiyo ni habari nyingine. Hapo tafuta wakili kwanza. Kwa aliye na madaraka na ambaye amejua au ameshuku hongo ya mwingine, Sheria ya Hongo ya 2016 inampa saa 24 kuripoti kwa EACC.

Kwa wakuu wa idara

Hamwezi kuwataka wakaguzi waandike barua ambazo hamzijibu. Kila barua ya tamko ijibiwe kwa maandishi, ndiyo au hapana, na masharti yake. Muwe na daftari la matamko ambalo mtu hulitazama kabla ya kugawa faili, maana tamko lililofungiwa kabatini halizuii kitu. Wahamisheni wakaguzi maeneo kwa ratiba inayojulikana. Na asiadhibiwe aliyetangaza kwa kupewa eneo kavu. Wenzake wakiona hivyo, hakuna atakayetangaza tena.

Kwa mwenye ploti na mwenye biashara

Una haki ya kumuuliza mkaguzi jina lake, ofisi yake na sheria anayoitumia, na kuomba maagizo yake kwa maandishi. Akikuelekeza kwa kampuni fulani, mwambie kwa heshima: "Afisa, naomba uniandikie hapo kwamba lazima iwe hiyo." Wengi wataishia hapo. Usilipe ada yoyote ya kaunti kwa simu ya mtu binafsi. Na kabla ya kumpa mkaguzi kazi ya kukuchorea kwa bei rahisi, fikiria siku jengo litakapopata ufa na utahitaji mtu wa kukwambia ukweli kuhusu ramani hiyo.

Ukitaka kujua nani alikagua jengo lako au la jirani, na lini, omba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Jengo linalopasuka likiwa na wapangaji ndani ni jambo la uhai, litaje hivyo kwenye barua. Wakikunyima, mlalamikie Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Ukishuku ufisadi, EACC wana nambari ya bila malipo, 1551, na njia ya kuripoti mtandaoni bila kutaja jina. Unaporipoti, taja nambari ya ploti au ya kibali, tarehe za ukaguzi, jina la kampuni uliyoelekezwa na ujumbe wa M-Pesa wa malipo kama upo.